Namna ya Kupanda Mwamba kwa Heshima

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani kwa boti, ukapita visiwani, ukala samaki, ukarudi salama kabla ya magharibi, ni kazi nyepesi. Wavuvi wa Kigombe huifanya mwaka mzima na hakuna anayewapigia makofi. Basi tuwaachie wao. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye jina la kulinda: umeshaitangazia ofisi nzima kwamba Jumamosi unawapeleka baharini, umenunua kofia nyeupe yenye nanga kwenye paji la uso, na bahari yenyewe umeizoea kwa kuitazama kutoka kwenye kiti cha plastiki pale Raskazone, soda mkononi. Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Kutoijua bahari si aibu. Aibu ni watu kugundua, na hilo lina dawa.

1. Panga safari kwa mshahara

Watu wa pwani hupanga safari kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno, na kwenye pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, yaani sakafu ya sebule yako hadi darini. Baina ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kwa ustaarabu. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na huwa yamejaa mnamo saa 10 alasiri. Kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mvuvi anayo haya kichwani. Wewe unayo kwenye simu, bure, ukitaka kuyatafuta.

Usitake. Wao wana mwezi unaoandama, wewe una mwezi unaoisha. Chagua Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Waambie wageni wawe ufukweni saa 2 asubuhi, nao kwa desturi yetu watafika saa 4, wakute boti imelala ubavu kwenye matope na bahari imerudi nyuma huko, imewaachia kaa na akina mama wa pweza. Hii ndiyo nafasi yako ya kwanza ya kuonyesha uongozi. Shika kiuno. Tazama upeo wa macho. Sema, "Tunasubiri kidogo," kwa sauti ya mtu aliyekuwa amepanga kusubiri.

2. Isome hali ya hewa kama wakili

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na kati ya Juni na Agosti huwa imepamba moto. Katikati ya pepo hizo kuna maleleji, siku za upepo usio na msimamo na bahari tulivu, ambazo mtu mwenye akili zake angezichagua. Wewe likizo yako ni Julai. Kutoka Tanga kwenda Pangani ni kuelekea kusini, kwa hiyo mwezi Julai utakwenda upepo ukiwa usoni, na kila wimbi litakuja kukusalimu kwa jina. Lisifu hilo mbele ya wageni. Liite "hewa safi".

Utamsikia mtabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa akitoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 kwa maeneo machache ya ukanda wa pwani, na Tanga ikatajwa pamoja na Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Hapo shikilia neno "machache". Maeneo machache hayawezi kuwa mahali ulipo wewe. Machache ni ya wengine.

Kuhusu saa ya kuondoka: asubuhi bahari huwa bado imelala, na ikifika adhuhuri upepo wa baharini huinuka. Boti yako itaelea mchana, kama tulivyoona. Mambo yanajipanga yenyewe.

3. Usiulize mtu

Katika hili una mtangulizi mkubwa, na alifanyia hapahapa Raskazone. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia bandari ya Tanga ikapiga hodi. Nahodha wake alishuka, akawadai Wajerumani wausalimishe mji, akauliza habari za mabomu ya majini, akarudi melini kusubiri jibu. Jibu halikuja. Kilichokuja ni askari wa kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, kwa treni, kutoka Moshi. Ndipo Jenerali Aitken wa Waingereza akashusha jeshi lake la watu 8,000 hivi ufukweni, kwenye mikoko na mashamba asiyoyajua, bila kupeleleza, dhidi ya watu 1,000 hivi. Tarehe 4 wakapigana. Risasi zikachokoza mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka na hasira zao. Tarehe 5 jeshi likapanda meli likaondoka, likaacha nyuma bunduki mia kadhaa, bombomu 16 na risasi laki kadhaa, ambazo wenyeji wao walizitumia kwa shukrani.

Sasa tazama ustadi uliopo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na vita vile huko Uingereza bado vinaitwa vita vya nyuki. Nyuki waliwauma wa pande zote mbili, lakini ukisimulia hivyo hadithi inapoteza utamu. Hakuna anayesema walishindwa kwa sababu hawakumuuliza mtu mmoja aliyekuwa akikaa pale.

Kwa hiyo tafuta nyuki wako mapema, kabla hujang'oa nanga. Wanaofaa ni: petroli ilikuwa na maji; mashine ni mpya, haijazoea; wale wa utabiri walisema vingine. Chagua mmoja, umfiche mfukoni, usimtoe kabla ya wakati.

4. Mtafute nahodha, ila asiwe nahodha sana

Nahodha wa kweli utamtambua haraka, na umkwepe. Ni mzee aliyechuchumaa chini ya mkungu anashona wavu, na atakuuliza swali kabla ya kukutajia bei.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Mmekusudia wapi?"

"Kisiwani Maziwe, mzee. Tufike saa 8, tule, tupige picha, jioni turudi."

"Saa 8 Maziwe itakuwa inazama, mwanangu. Bamvua hili."

"Tumeshalipia chakula, mzee."

"Basi mle njiani. Kisiwa hakijalipiwa."

Mtu wa namna hii atakuharibia siku. Mwangalie akiwa kazini uone. Juu ya mlingoti amefunga utepe wa kanga kuukuu, na kila baada ya muda jicho lake linapanda pale kuuliza upepo. Akikaribia mwamba husimama wima nyuma ya boti, jua amelipa kisogo, akawa anasoma rangi: buluu nzito ni kilindi, kijani kilichofifia ni mchanga, hudhurungi ni mwamba. Akitilia shaka hupunguza mashine, akachomeka upondo, akautazama ulivyolowa. Akitaka kujua alipo hageukii simu, hugeukia nchi kavu, akalinganisha mnazi fulani na bega fulani la milima ya Usambara, kisha akasogeza usukani kwa kiganja. Hayo yote hayamkatishi mazungumzo yake ya bei ya pweza.

Unaona tatizo. Wageni watamuuliza yeye maswali. Picha zitamfuata yeye. Kofia yako itaonekana kofia. Chukua badala yake kijana wa boti ya faiba anayekuita bosi, anayecheka kabla hujamaliza utani, na ambaye ukimuuliza "Tutafika?" anasema "Tutafika tu, bosi," bila kutazama upande wowote. Hilo "tu" ndilo unalolilipia.

5. Ukague usalama kwa macho ya mpiga picha

TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, husajili na kukagua hata vyombo vidogo, na hutaka kila aliyemo awe na boya la kuvaa. Hakikisha maboya yapo. Kisha yakalie. Boya lililovaliwa humnenepesha mtu, hufunika gauni, na huwatia watu fikra za kuzama wakati chakula hakijafunguliwa. Yakikaliwa huwa mito mizuri sana, na atakayetaka kuvaa lake dhoruba ikija itabidi kwanza amwinue shangazi.

Mafuta: mabaharia waoga huyagawa mafungu matatu, fungu la kwenda, fungu la kurudi, fungu la akiba. Wewe gawa mawili. Akiba ni kukosa imani.

Redio ya baharini, ile yenye chaneli 16 ya dharura, ina uzito na haipigi muziki. Chukua spika. Simu itatosha: inashika vizuri kabisa ukiwa karibu na minara ya mjini, ambako huna shida nayo. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, ambalo utalikuta limetupwa chini ya ubao, ni la kufulia maji. Ukiona kijana wako analitafuta kwa mguu huku akitabasamu, endelea kupiga picha za mbele.

Usimwage mtu ufukweni. Ukimwachia mtu maneno kwamba mmekwenda wapi, mko wangapi na mtarudi saa ngapi, unampa haki ya kuwatafuta. Fikiria aibu ya kutafutwa.

Ukifika kwenye kuhesabu vichwa, hapo unitoe mimi. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita mno uwezo wake, na mpaka leo kuna nyumba Pemba na Unguja ambazo hazitaki kusikia mzaha wa boti kujaa. Boti ya watu 10 ni ya watu 10. Anayesema "mmoja tu, ni mwembamba" ashuke na mwembamba wake. Haya, tuendelee.

6. Toa maelezo ya mandhari kwa sauti kubwa

Kutoka bandarini utakiona kisiwa cha Toten, kimefunikwa na miti na makaburi ya kale. Ukitazama nyuma, juu ya genge, utaona jengo kuukuu la Wajerumani la Hospitali ya Bombo. Mbele ni Ulenge na mnara wake wa taa. Kusini ni Yambe, kisha Karange. Ukisahau majina yataje hayohayo kwa mpangilio wowote. Visiwa havina kawaida ya kukanusha.

Wageni watauliza kuhusu silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu, kuanzia 2004, alianza kunasa kwenye majarife ya wavuvi wa papa, mmoja baada ya mwingine, hadi serikali ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Ahidi kwamba watamwona. Yeye hukaa kwenye mapango ya kina cha mita 100 hivi, na hana mpango wa kupanda juu kwa ajili ya ofisi yako. Lakini chewa yupo. Chewa ni mkubwa, ana sura ya uzee, na ameduwaa. Mwonyeshe kwa kidole, shusha sauti, sema, "Huyo ni mtoto wake." Tatizo litatokea mchana mtu akimtambua kwenye sahani.

Ukitaka kusimama waogelee, tupa nanga juu ya matumbawe, usihangaike kutafuta mchanga. Matumbawe hushika vizuri. Wavuvi wa baruti walishughulika nayo miaka mingi na hawakuyamaliza. Nanga yako nayo ichangie.

Kichefuchefu kikikushika, na kitakushika, usiiname ghafla. Nyosha mkono kuelekea upande upepo unakotoka, paza sauti: "Pomboo!" Wote watageuka. Una sekunde kama nane za kuinama upande wa demani, upepo unakokwenda, ukamaliza shughuli zako na kujifuta. Mara nyingine, hasa karibu na Maziwe, pomboo huwapo kweli, na hapo sifa zako zitapanda mara dufu. Usirudie zaidi ya mara tatu. Boti ndogo haipendi watu wote kukimbilia upande mmoja.

7. Fika Maziwe kwa kuchelewa

Maziwe ipo kilomita 8 hivi kutoka ufukweni, upande wa Pangani na Ushongo. Ni eneo tengefu tangu 1975, na zamani lilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na kasa wengi wa kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukahama, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikabaki fungu jeupe la mchanga, ambalo maji ya bamvua yakijaa hulifunika lote. Kasa hawajapewa taarifa. Bado wanapanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasilowe. Wanaokwenda Maziwe kwa kawaida hufuata maji yakiwa yanakupwa, wakakaa saa chache, wakaondoka kabla bahari haijarudi kuchukua mali yake. Hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa. Kuna kiingilio cha hifadhi.

Wewe, ukiwa umeondoka saa 6 mchana, utafika kisiwa kikiwa na ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu, na kinapungua. Ni saa nzuri sana ya picha, kwa sababu hakuna watu wengine. Tandika mkeka katikati. Fungua pilau. Kama una nia ya kumposa mtu, mpose sasa: hana pa kukimbilia, na jibu litapatikana kabla maji hayajafika magotini. Usimruhusu kijana wa boti aharakishe watu. Akisema, "Bosi, maji," mjibu, "Nayaona," maana ni kweli unayaona.

8. Panda mwamba

Sasa tumefika kwenye kiini cha safari. Mnarudi, jua limeinama, linawapiga machoni, rangi za maji zimepotea zote zikawa fedha tupu, na kijana ameanza kuendesha kwa dua. Mahali pazuri pa kukwama ni kwenye miamba na mafungu yaliyo mbele ya Tongoni, kusini mwa Tanga, kwa sababu hapo utakwama kwenye historia.

Aprili 1498, kabla hakujapambazuka, meli mojawapo ya Vasco da Gama, iitwayo São Rafael, ilipanda fungu hapohapo, ikielekea Mombasa. Wakatupa nanga, wakasubiri, maji yalipojaa meli ikaelea. Wenyeji wakaja na mitumbwi, mmoja umejaa machungwa, na aliyeandika kumbukumbu za safari ile akakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Wareno nao, baada ya kula, wakaipa miamba ile na milima inayoonekana nyuma yake jina la meli yao iliyokwama. Hiki ndicho kiwango cha juu kabisa cha fani yetu: kwama kwa uzembe wako, kula machungwa ya watu, kisha upe milima yao jina lako. Mwanzoni mwa 1499, wakirudi kutoka India na mabaharia wamepungua kwa maradhi, wakaichoma São Rafael mahali palepale. Hilo la kuchoma usiliige, hasa kama boti ni ya kukodi.

Mbumbumbu akikwama huzima mashine na kuinyanyua, hushusha watu wazito kama maji ni ya magotini na chini ni mchanga, huipeleka nanga upande wa kilindi, kisha huangalia kama maji yanajaa au yanakupwa. Yakijaa, hukaa akala muhogo. Yakikupwa, hujua ana saa nyingi za kukaa, na humwambia kila mtu avae boya.

Wewe usikubali kirahisi hivyo. Ongeza mafuta. Nguruma hadi propela ianze kusaga matumbawe na maji yawe meupe kama maziwa. Wageni watajua kwamba kuna jitihada. Mashine ikizima yenyewe, pumua, weka mguu mmoja juu ya ubao, utamke sentensi ambayo mji huu umekutayarishia tangu zamani: "Tanga, waja leo, kuondoka majaaliwa." Watacheka. Kicheko hicho kina dakika 20, kitumie kufikiri.

Usiseme mmekwama. Sema mmetia nanga. Mtu akiuliza mbona nanga ipo ndani ya boti, mtume akamtazame mtoto.

9. Ikibidi kuzama, zama mahali pasipo na kina

Wenye ujuzi huu ni wachache, na bingwa wao alikuja Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915. Meli ya Kijerumani Rubens, iliyosafiri ikijifanya ya Kidenmaki, ilikuwa inaleta silaha, ikafukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ndani ya ghuba. Nahodha wake akaizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi, moto na moshi vikawaka juu, Waingereza wakaridhika kwamba kazi imekwisha wakaenda zao. Wakishaondoka, mzigo ukaanza kuopolewa. Akaonekana ameshindwa kabisa, na bunduki zikafika zilikokuwa zinakwenda.

Kwa kiwango chako inatosha hivi: maji yakianza kuingia, elekea ufukweni, siyo kilindini. Mtu aliyesimama ndani ya maji ya kiuno amekosa mkasa, lakini amepata simulizi. Ila ukishikwa na tamaa ya kukimbilia kaskazini kukwepa macho ya watu, usizidishe. Ukipita Moa na Jasini ukaona kijiji kingine kizuri, hiyo ni Vanga, na umeingia Kenya na pilau lisilo na pasipoti.

10. Mtoe nyuki

Wavuvi watakuja. Daima huja. Watawaona kutoka mbali kwa sababu ya spika, watageuza ngalawa, watafika bila haraka na bila swali. Mmoja wao huenda akawa yule mzee wa mkungu. Msalimie tena, shikamoo ya pili siku moja haijamuua mtu. Hatakwambia "nilikwambia", atatazama boti, atatazama mwezi uliokwisha kutoka, atasema, "Poleni sana, mwanangu," kisha atawapakia akina mama kwanza, halafu watoto, halafu sufuria, halafu wewe.

Huu ndio wakati. Kabla ngalawa haijasogea, na wote wakiwa wanasikia, mtoe nyuki uliyemficha mfukoni tangu asubuhi: "Petroli ya siku hizi ina maji." Sema mara moja tu, kwa masikitiko, kama mtu anayeisikitikia nchi. Kijana wa boti atatikisa kichwa kukubali, kwa sababu naye anahitaji nyuki, na hana wake. Mzee atatazama pembeni. Mlipe vizuri, usimpe kofia, hataivaa.

Jumatatu ofisini, onyesha picha za kuanzia saa 6 hadi saa 9 mchana, basi. Zile za mwisho mwambie mwenye nazo kwamba mwanga haukuwa mzuri. Aliyeposwa akikataa kuzungumzia habari ile, muunge mkono. Akitokea mdadisi akauliza mbona mlirudi kwa barabara, mjibu kwamba mlitaka pia kuiona Kigombe, kijiji kizuri, watu wakarimu.

Nayo barabara ina utaratibu wake. Ngalawa itawashusha ufukweni Kigombe, mtakata kwa miguu kwenye minazi, mtatokea kwenye barabara ya Tanga na Pangani, suruali zimelowa hadi mapajani, na taa za bodaboda zinakuja. Lile boya ulilolikalia tangu asubuhi utakuwa umelivaa, maana maji yalipofika kwenye mashine hata wewe ulilikumbuka. Livue kabla hujauliza nauli.